Maji ya Wageni

Sehemu ya tisa

Mkono ulioshika kisigino cha Kezia juu ya ngazi ya tangi haukuwa wa askari, wala haukuwa wa jini, kama fundi cherehani mmoja wa Kasulu alivyoniapia wiki nzima. Ulikuwa mkono wa Kasian, mgambo wa kijiji, mdogo wa marehemu mumewe.

"Shemeji, shuka! Wamefika!"

"Nimalize debe hili."

"Mwaga ushuke! Vumbi lao lile kule, njia ya Kasulu. Wakikuona huku juu tumekwisha, wewe na mimi na mtoto."

Kezia hakumwaga. Alilimimina lote ndani ya tangi, maana kila tone lilikuwa na kazi yake, kisha akateremka mbio mpaka akakosa kidato cha mwisho na kutua kwa magoti. Alijipangusa udongo, akafunga kanga iliyolowa, akamfuata Kasian bondeni.

Kama gazeti la wiki jana lilifungia karanga kabla hujalisoma, habari ni hii. Ruhengamo ni kijiji cha Operesheni, upande wa Kibondo. Watu walihamishwa kutoka vilimani penye chemchemi zao, wakaahidiwa maji ya bomba. Tangi likajengwa, mabomba yakafukiwa, mashine ya kuvuta maji ya kisima ikaletwa na lori, ikapigwa picha. Halafu ikaondoka kwenda kutengenezwa, na mpaka leo inasaga mahindi ya mtu mahali nisipopataja, kwa kuwa bado nina hamu ya kuishi.

Basi watu wakarudi kunywa Nyamuhoro, kijito kinachopita chini ya makazi na vyoo vyake. Tumbo la kuhara likaingia. Likamchukua mume wa Kezia, likamchukua na mwanawe mkubwa. Akabaki na Niyitegeka, binti mdogo asiyejua kunyamaza.

Sasa Niyitegeka amenyamaza. Yuko zahanati, si kwa tumbo, kwa homa iliyompanda kichwani na kumletea degedege. Dawa imekwisha. Hospitali iko Kibondo, mbali mno kwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Gari la kumfikisha ni Landrova ya mradi, na mwenye kuitoa au kuinyima ni Ndugu Philemon, msimamizi wa mradi wa maji, mtu wa kuletwa kutoka mkoa mwingine.

Na leo, mchana kweupe, Kamati ya Bunge inakuja Ruhengamo kuuliza yale maendeleo yaliyokabidhiwa kwa mkoa tangu Madaraka Mikoani yamefika wapi. Ndugu Philemon akawaamuru akina mama wajaze tangi kwa madebe, kutoka Nyamuhoro, wakiyachuja kwa kanga ili yaonekane meupe. Bomba litoke maji mbele ya waheshimiwa, wapige makofi, waondoke. Na Kezia, aliyebeba kuliko wote, akaahidiwa gari.

Ndiyo bei ya kinywa chake. Sasa tuendelee, gari zimeshakata kona.

Ndugu Philemon alikuwa amesimama penye bomba kubwa la uwanjani, ndani ya Kaunda suti iliyopigwa pasi ikakauka. Alimwona Kezia, akamvuta kando kana kwamba anamsalimia.

"Limejaa?"

"Limefika nusu, baba."

"Nusu inatosha. Sikiliza, Mama Niyite. Gari lile pale. Omary yuko kwenye usukani. Petroli yote ya msafara huu iko nyuma ya gari hilo, kwenye pipa, na ruhusa iko mfukoni mwangu. Wageni wakiondoka wanacheka, mwanao analala Kibondo leo. Wakiondoka wamenuna…"

Hakumalizia. Mtu wa namna ile hamalizii, anakuachia wewe umalizie usiku ukiwa peke yako.

"Sitasema neno, baba. Namwomba Mungu, sitasema."

"Basi kachukue kibuyu kizuri. Ukae karibu na bomba. Ukiulizwa, unacheka."

Gari mbili za Bunge zikasimama. Aliyeshuka wa kwanza alikuwa mwanamke mnene wa makamo, kilemba kimejaa vumbi, miwani imejaa vumbi. Huyu ndiye Mheshimiwa Mwamvua, mbunge kutoka pwani, mwenyekiti wa kamati. Ngoma zikapigwa. Alizisikiliza kidogo, akainua mkono, zikakoma.

"Ahsanteni, ndugu zangu. Tumechelewa, na mimi nina maswali. Msimamizi ni nani?"

"Ni mimi, Mheshimiwa. Philemon. Karibuni Ruhengamo, kijiji cha mfano."

"Mfano wa nini?"

"Wa… wa maendeleo, Mheshimiwa."

"Haya. Zamani mlikuwa mnatuambia kila kitu kinakwama wizarani, Dar es Salaam. Tukawaletea fedha na madaraka mpaka mlangoni. Nataka kuona vimefanya nini. Mashine iko wapi?"

"Ndani ya kibanda kile."

"Kifunguliwe."

"Ufunguo uko kwa fundi, Mheshimiwa, na fundi yuko Kasulu, amefiwa."

"Amefiwa na nani?"

"Na… baba mkwe."

"Pole yake. Mbona siisikii mashine? Mimi kwetu mashine ya maji inanguruma mpaka kuku hawatagi."

"Hii ni ya kisasa, Mheshimiwa. Haina kelele."

Wabunge wawili wakatazamana. Bazilio, mwenyekiti wa kijiji, akaanza kuitazama ncha ya kiatu chake na hakuiacha tena. Kezia akasema moyoni, wanajua, wameshajua, gari limepotea.

Lakini Philemon alikuwa na turufu. Akaenda penye bomba, akalishika, akafungua.

Bomba likakohoa. Likatema kutu. Kisha maji yakaruka, meupe, kwa nguvu, yakawalowesha waheshimiwa mpaka magotini!

Vigelegele vikapasuka. Navyo vilikuwa vimefanyiwa mazoezi tangu juzi, lakini vilipotoka vilitoka na machozi ya kweli, maana wanawake wale walikuwa wamengoja maji katika bomba lile muda mrefu, na macho yao yaliyaona hata kama migongo yao ilijua yalikotoka. Kezia naye alilia. Alilia kwa sababu mpango umefaulu, na kwa sababu aliona aibu.

Mheshimiwa Mwamvua akavua miwani, akaiosha pale pale bombani, akaivaa tena. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ndugu Philemon, nilikushuku. Nisamehe."

"Hapana neno, Mheshimiwa. Twendeni kivulini, kuna soda kutoka duka la Khatibu."

"Soda ninakunywa kwetu. Nimekula vumbi la barabara yenu tangu asubuhi, na maji haya nimeyapigia kelele bungeni mpaka nikakaukiwa sauti. Nipeni ninywe."

Hapo, msomaji, ndipo Philemon alipotokwa na jasho la kwanza. Kuonyesha maji alikuwa amepanga. Kunywesha hakupanga.

"Mheshimiwa, ni ya baridi sana…"

"Mama mwenye kibuyu! Nipe maji, mwanangu."

Kezia akakinga kibuyu. Aliyajua maji yale. Aliyachota mwenyewe, penye jiwe ambapo juzi walifua mashuka ya mtoto wa jirani aliyekufa kwa tumbo. Je, ampe? Mama wa watu, mgeni, aliyetoka pwani yote hiyo kuja kuwauliza kama wana maji? Na asipompa, Niyitegeka?

Kusema aliapa kwamba hatasema. Lakini kuna jambo moja ambalo huku Buha halihitaji kusemwa.

Kwetu mgeni hapewi kinywaji hivi hivi. Mwenye kinywaji hupiga funda la kwanza mbele ya macho ya mgeni, iwe pombe ya ndizi, iwe maji, ili mgeni ajue hakina ubaya. Mtoto mdogo analijua hilo kabla ya kujua kuhesabu. Asiyeonja amejitangaza.

Kezia akampita Mheshimiwa na kibuyu chake. Akaenda mpaka mbele ya Ndugu Philemon, akapiga magoti, akakiinua kwa mikono miwili. Wazo lake lilikuwa dogo tu: huyu bwana ataelewa, atajikwaa, atakimwaga, mgeni atapona na siri itapona.

Maskini! Philemon alikuwa amekaa Buha miaka, lakini alikunywa bia ya chupa, chumbani kwake, mlango umefungwa. Hakuelewa hata kidogo.

"Si mimi, mama. Mpe mgeni."

Kezia hakunyanyuka. Nyuma yake makofi yakaanza, yale makofi ya taratibu, viganja vikikutana bila haraka, ambayo watu wa huku humpigia mwenyeji kwa heshima. Yakaenea uwanja mzima.

"Wanangoja nini?" Mheshimiwa akauliza.

Bazilio akanyanyua macho kutoka kwenye kiatu chake.

"Wanangoja mwenyeji aonje, Mheshimiwa. Ni desturi. Asipoonja yeye, mgeni hanywi."

"Desturi nzuri. Onja, Ndugu Philemon, nife kiu mimi?"

"Ningeonja, Mheshimiwa, ila… nimefunga."

"Umefunga?"

"Nimefunga. Ni nadhiri."

Omary, dereva, Mwislamu wa swala tano, aliyekuwa ameegemea bati la gari lake, akapaliwa na mate. Mheshimiwa Mwamvua akamtazama Philemon mdomoni, taratibu, kama mtu anayesoma kibao cha dukani.

"Na hayo mafuta ya kuku hapo kwenye sharubu, nayo yamefunga?"

Watu wakacheka. Kezia peke yake hakucheka. Alimwona Philemon anainama kumshika bega, anatabasamu kwa ajili ya wageni, na sikioni akasikia sauti yenye baridi.

"Kunywa wewe. Kunywa sasa, au gari haliondoki."

Kisha akasimama, akapaza sauti. "Mheshimiwa, mimi mtumishi tu! Mwenyeji wa maji haya ni mwananchi. Mwananchi ataonja. Kunywa, Mama Niyite, uwape wageni moyo!"

Makofi yakakatika.

Kezia akakitazama kibuyu. Akamwona mumewe siku ile ya mwisho, alivyokauka, macho yameingia ndani. Akamwona mwanawe mkubwa. Akajiambia, mimi nina mwili mkubwa, mimi nitastahimili, Niyitegeka afike Kibondo tu. Akafumba macho, akanywa. Si funda la kuonja. Alikunywa kama mtu anayelipa.

"Mawe!" mwanamke mmoja akaguta nyuma. Mama jamani! Kasian, mgambo, akageuka akatazama kilima, maana hakuweza kuona.

"Ahsante, mwanangu," Mheshimiwa alisema kwa upole. Akapokea kibuyu. Akakiinua. Kikafika kidevuni.

Nisamehe, msomaji. Na mimi nilipoandika hapa niliweka kalamu chini, nikatoka nje kidogo.

Akakiteremsha tena. Shaka ilimtoka alipomwona Kezia akinywa, maskini, ni mazoea ya kazi tu, swali lilikuwa limemjia.

"Kabla sijasahau. Zahanati yenu ile ng'ambo ya kilima, inapata maji gani?"

Philemon akaona mlango wa kutokea, akauparamia. Nchi ilikuwa imemrudi chini ya miguu. Kifua mbele!

"Haya haya, Mheshimiwa! Bomba lile lile, tangi lile lile. Nimewafungulia tangu alfajiri. Hivi tunavyozungumza wagonjwa wanakunywa maji safi vitandani mwao."

Kezia hakulijua hilo.

Hakuna aliyemwambia. Waliambiwa bomba la uwanjani, la kuonyesha, basi. Kule zahanati nesi aliyachemsha maji ya kijito mpaka kuni zikaisha, akawakataza watu hata kunawa midomo kwa maji mabichi. Na kule hakuna aliyeona madebe yakipanda, kwa kuwa njia ya mtoni iko upande huu wa kilima.

"Zahanati?" Kezia akasema.

"Nyamaza, mama," Philemon akasema.

"Zahanati umefungulia? Zahanati, mwana wanje, mwanangu, alipolala?"

"Mama Niyite, gari…"

Kezia akarusha mkono. Kibuyu kikaruka kutoka mikononi mwa Mheshimiwa Mwamvua, kikagonga nguzo ya bomba, kikapasuka.

"Usinywe, mama! Ni ya Nyamuhoro! Ni maji ya mtoni, tumeyabeba sisi kwa vichwa vyetu! Mashine haipo! Haipo kabisa! Mume wangu yamemuua!"

Na kabla mtu hajamgusa, alikuwa ameshakimbia.

Nyuma yake alisikia Philemon anapiga kelele kwamba mwanamke huyu ana wazimu, amechanganyikiwa kwa ugonjwa wa mtoto. Akasikia Mheshimiwa anasema, "Hakuna kufunga bomba. Liacheni." Na alipokuwa amefika nusu ya kilima akasikia bomba linakohoa, linakohoa tena, kisha linanyamaza. Tangi limekwisha. Uwanja mzima ukasikia lilivyonyamaza.

Hakugeuka. Kanga ilimvuka begani akaiacha. Alipanda, akafika kileleni, akateremka ule upande wa pili anateleza na mawe. Alikuwa anaomba kwa Kiha na kwa Kiswahili, anachanganya. Asiwe na kiu. Mungu wangu, leo tu, awe amelala, asiwe na kiu.

Nesi Esteri alikuwa mlangoni pa zahanati. Ni msichana wa mbali, aliyepangiwa kazi huku akitoka chuoni, na uso wake tangu afike Ruhengamo ulikuwa uso wa mtu anayetafuta kuni. Leo alikuwa anacheka. Mkononi alishika kikombe cha bati.

"Mama Niyite! Ndiyo nilikuwa nakuja kukutafuta. Umeona maajabu? Bomba linatoa maji!"

"Niyitegeka…"

"Ameamka! Homa imepungua kidogo, amefumbua macho mwenyewe, ameniita jina. Kitu cha kwanza akaomba maji." Esteri akainua kikombe kile, akakionyesha kwa furaha. "Nikasema leo tumepumzika kuchemsha, ya mashine haya, ya chini ya ardhi. Amekunywa kikombe kizima. Akaomba kingine, nikampa."

Kezia aliketi chini pale pale kizingitini.

"Mama? Kuna nini? Si habari njema?"

Nyayo zikaja mbio kutoka kilimani. Mheshimiwa Mwamvua alikuwa amevua viatu, anahema, kilemba kimemtoka. Kasian alikuwa amemshika mkono, na nyuma yao Omary dereva na dereva wa Bunge. Mheshimiwa alimtazama Kezia, akamtazama nesi, akakitazama kikombe. Hakuuliza. Alikuwa mzazi.

"Amekunywa," alisema.

"Kikombe na kingine," Kezia akasema. "Nimeyabeba mimi. Mimi mwenyewe, mama."

Esteri ndipo akaelewa. Kikombe kikamtoka mkononi.

"Mtoto apakiwe!" Mheshimiwa akasema. "Gari langu, sasa hivi! Kibondo! Nesi, utapanda naye!"

Dereva wa Bunge hakusogea.

"Hukunisikia?"

"Nimesikia, Mheshimiwa. Gari zetu zote mbili hazina petroli. Tumefika hapa kwa harufu. Tulikuwa tujaze kwenye lile pipa la mradi."

"Basi jazeni! Pipa liko wapi?"

"Liko kwenye gari la Omary."

Wote wakamgeukia Omary. Alikuwa amesimama na mikono mitupu, anaikunja na kuikunjua.

"Nilikimbia kumfuata huyu mama," alisema. "Funguo nimeziacha kwenye gari."

Hapo ndipo wakaisikia. Ng'ambo ya kilima Landrova iliwaka, ikakanyagwa mafuta kwa hasira, watu wakapiga mayowe. Kisha mngurumo ukaanza kwenda zake, njia ya Kasulu, unapungua, unapungua. Kasian akaruka kama atakayeukimbiza kwa miguu. Alifika kileleni akasimama, akashika kichwa. Kutoka pale zahanati waliweza kuona vumbi tu.

Philemon amekwenda na pipa, na njia ya Kibondo inatazamana na gari mbili zisizo na tone.

Ndani ya zahanati, kwenye kitanda cha dirishani, mtoto akajigeuza. Alikuwa amesikia sauti ya mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu degedege alisema maneno yaliyokamilika, kwa sauti nyembamba iliyojaa raha.

"Mama, umekuja? Maji ya bomba matamu. Nipe tena."